Wajibu wako kisheria wa kulinda akili ya mtoto mtandaoni: uanzie wapi, ufanye nini

Mwaka 2011, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mvulana wa miaka 13 alifungua akaunti ya Facebook kwa jina la msichana waliyesoma naye darasa moja. Aliweka picha ya msichana huyo iliyovurugwa kwa programu ili uso uonekane umevimba, kisha akaandika maneno ya aibu kana kwamba yanatoka kinywani mwake, likiwemo dai kwamba anatumia dawa za ugonjwa wa akili. Msichana akagundua, shule ikaambiwa, nayo shule ikawajulisha wazazi wa mvulana. Wazazi wakatoa adhabu: wiki moja asikutane na marafiki zake baada ya masomo. Yakaishia hapo. Hawakuifungua ile akaunti waone ina nini, wala hawakumwambia mtoto aifute. Ilikaa hewani miezi 11, na muda wote huo iliendelea kukusanya marafiki wapya.

Wazazi wa msichana walikwenda mahakamani. Oktoba 2014 Mahakama ya Rufani ya Georgia iliamua kwamba kesi ya uzembe dhidi ya wazazi wa mvulana inaweza kusikilizwa. Kilichowaponza si kwamba mtoto wao alikosea, kwa maana watoto hukosea. Kilichowaponza ni kwamba waliambiwa, wakajua, na hawakusimamia lolote baada ya kujua.

Ninaanza na kesi hii kwa sababu wazazi wengi ninaozungumza nao wanaogopa jambo lisilo lenyewe. Wanadhani sheria inawataka waone kila ujumbe na kila video. Hakuna mzazi anayeweza hilo, na sheria haidai hilo. Swali utakaloulizwa, iwe na afisa ustawi wa jamii, polisi au hakimu, ni hili: ulipojua, au ulipopaswa kujua, ulifanya nini? Hatua zinazofuata zimepangwa ili siku ukiulizwa uwe na jibu. Kubwa zaidi, zimepangwa ili mtoto asifike mahali ambapo swali hilo linahitaji kuulizwa.

Hatua ya 1: Fahamu unachodaiwa na sheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao umeridhiwa na karibu nchi zote duniani isipokuwa Marekani, unasema katika Ibara ya 18 kwamba wazazi ndio wenye jukumu la kwanza la malezi, na maslahi ya mtoto ndiyo yawaongoze. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema jambo hilohilo katika Ibara ya 20. Mikataba hiyo iliandikwa kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, ndiyo maana mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla Namba 25, ikafafanua kwamba haki za mtoto zinamfuata hadi mtandaoni. Kwa hiyo wajibu ulionao wa kumkinga na ukatili njiani na shuleni unao pia anapokuwa amejilaza na simu mkononi.

Mikataba huweka msingi, lakini kinachokufikisha mahakamani ni sheria ya nchi unayoishi. Itafute sheria ya mtoto ya nchi yako na usome sehemu inayohusu wajibu wa wazazi. Kwa kawaida ni kurasa mbili tatu tu. Mara nyingi hutaona neno "mtandao" humo. Utaona maneno kama kutelekeza, kudhuru, ukatili, hatari kwa mwili na maadili. Maneno hayo yana upana wa kutosha kuingiza dhara linalopitia kwenye skrini.

Angalia pia sheria inamshika nani. Australia, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, imepiga marufuku akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16, na faini inayoweza kufika dola za huko milioni 49.5 inaangukia kampuni. Mzazi na mtoto hawaadhibiwi. Taiwan ilichukua njia nyingine mwaka 2015: mzazi anayemwacha mtoto atumie vifaa vya kielektroniki kupita kiasi hadi akadhurika anaweza kutozwa yeye faini. Usichukulie kwamba ulichosikia kuhusu nchi moja ndicho kinachotumika kwako.

Hatua ya 2: Andika mwaka wa kuzaliwa wa kweli

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 11 aliponiomba nimfungulie akaunti. Kwenye skrini kulikuwa na orodha ya miaka ya kupandisha na kushusha kwa kidole. Niliipandisha mpaka programu ikakubali, kazi ya sekunde mbili, nikamrudishia simu. Miaka miwili baadaye nilikuta anatumiwa ujumbe na watu wazima asiowajua, na katikati ya video zake yakipita matangazo ya kamari. Nilipofungua taarifa za akaunti ndipo nikaelewa: kwa programu ile, mwanangu alikuwa mtu wa miaka 22. Kinga zote zilizowekwa kwa ajili ya watoto hazikumgusa, na aliyeziondoa ni mimi.

Umri si fomu ya kupita tu. Sheria ya Marekani ya 1998 ya faragha ya watoto mtandaoni inakataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi inayoweza kuthibitishwa, na kwa sababu kampuni nyingi kubwa ziko huko, ndiyo maana miaka 13 imekuwa mlango wa mitandao mingi. Umoja wa Ulaya uliweka miaka 16 katika kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 2018, ukaruhusu kila nchi mwanachama kushusha hadi 13. Na kinga zenyewe zimeunganishwa na umri. TikTok, kwa mfano, huifanya akaunti ya aliye chini ya miaka 16 kuwa ya faragha moja kwa moja, na hairuhusu atumiwe ujumbe wa siri. Instagram nayo tangu 2024 inawaweka vijana kwenye akaunti maalumu ambazo aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti yake bila mzazi kukubali. Ukidanganya umri, yote hayo yanapotea.

Kama uliudanganya, urekebishe leo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta taarifa binafsi, badilisha tarehe. Baadhi ya programu zitakutaka utume ombi na kithibitisho. Ikitokea akaunti ikafungwa kwa sababu mtoto hajafikisha umri, kubali ifungwe. Najua mtoto atalia, maana picha na marafiki vitakwenda nayo. Keti naye alie.

Hatua ya 3: Pangeni simu pamoja, mkiwa mmekaa

Usimnyang'anye simu ukaenda kuipanga peke yako chumbani. Kaeni wote, yeye ndiye abonyeze, wewe uulize. "Nani anaweza kukutumia ujumbe hapa?" "Mtu akikuweka kwenye kundi bila kukuuliza, unatokaje?" Utashangaa ni mangapi anayajua na mangapi hajawahi kuyaona.

Yafanyeni haya: akaunti iwe ya faragha, ujumbe kutoka kwa wasiojulikana uzuiwe, mahali alipo pasionekane, maneno ya matusi yachujwe kwenye maoni, arifa zizimwe usiku. Unganisha akaunti yake na yako kwa huduma ya familia kama programu inayo.

Kwangu mimi, jambo moja linazidi mipangilio yote: simu isilale chumbani kwa mtoto. Ujumbe unaovunja moyo saa tisa usiku humkuta mtoto peke yake, amechoka, hana wa kumwambia. Simu za nyumba nzima, yako ikiwemo, zichajiwe sehemu moja ya wazi. Mtoto hatakubali kanuni ambayo mzazi mwenyewe haifuati.

Halafu kuna kile ambacho mtoto hakukitafuta lakini kinaletwa kwake. Molly Russell, msichana wa miaka 14 wa Uingereza, alifariki Novemba 2017. Uchunguzi wa kifo chake uliohitimishwa Septemba 2022 ulionyesha kwamba katika miezi sita ya mwisho, kati ya machapisho 16,300 aliyoyahifadhi, kuyapenda au kuyasambaza Instagram, 2,100 yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Ofisa wa uchunguzi alieleza kwamba baadhi ya maudhui yalichaguliwa na mitambo ya kampuni na kuletwa mbele yake bila yeye kuyaomba, na kwamba yalichangia kifo chake. Nyumbani na shuleni alionekana mtoto anayeendelea vizuri. Ninaitaja familia hii kwa heshima kubwa, kwa sababu inatuonyesha kwamba mtoto anaweza kuzama bila mzazi kuona maji.

Kwa hiyo mara moja moja mwombe mtoto muangalie wote ukurasa wake wa mapendekezo kwa dakika kumi. Si ujumbe wake, ni yale anayoletewa tu. Ukiona huzuni juu ya huzuni, au miili iliyokonda ikisifiwa video baada ya video, tafuteni kwenye mipangilio sehemu ya kuanzisha upya mapendekezo. TikTok na Instagram zote wanayo. Kisha mwambieni mtambo, kwa kubonyeza "sipendi kuona hii", kila mara inapojirudia.

Hatua ya 4: Simamia, usipeleleze

Mtoto ana haki ya faragha hata mbele yako, na Ibara ya 16 ya ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaitaja wazi. Yale Maoni ya Jumla Namba 25 yanasema ufuatiliaji wa kidijitali usifanywe kama mazoea, wala kiholela, wala bila mtoto kujua. Programu ya siri inayokusomea ujumbe wa binti yako wa miaka 16 inaweza kukuletea matatizo ya kisheria katika baadhi ya nchi, hasa inaponasa pia mazungumzo ya watoto wa wenzako. Na akiigundua, na huwa wanagundua, atafungua akaunti nyingine ambayo hutaijua kamwe.

Ibara ya 5 ya Mkataba inakupa kipimo kizuri: uongozi wa mzazi ulingane na uwezo wa mtoto unavyokua. Mtoto wa miaka 9 unajua nenosiri lake na unaangalia kila kitu, naye anajua unaangalia. Wa miaka 13 unajua ana akaunti zipi na anafuatana na nani. Wa miaka 16 mnazungumza, na unaingia kwenye ujumbe wake pale tu unapokuwa na sababu nzito ya kuhofia usalama wake, tena ukimwambia kwamba umeingia na kwa nini.

Kama mnamlea mtoto katika nyumba mbili, kubalianeni kanuni moja na muiandike, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Kutengana hakumpunguzii mzazi yeyote wajibu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 53, inasema jukumu la baba na mama ni sawa wawe wameoana au la, na nchi nyingi zina msimamo unaofanana na huo.

Hatua ya 5: Jichunguze unachoweka wewe

Ufaransa ilipitisha sheria Februari 2024 inayosema kwamba wazazi wanailinda kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake, na hakimu anaweza kumzuia mzazi kuchapisha picha bila idhini ya mwenzake. Hata kama nchi yako haina sheria hiyo, pitia ukurasa wako. Video ya mtoto akilia, akiogeshwa, akigombezwa, au akisomewa alama mbaya za mtihani, ifute. Wenzake wataiona akiwa kidato cha pili, na itakuwa imetoka kwako.

Hatua ya 6: Jua dalili ni taarifa

Hapa ndipo sheria na malezi vinapokutana. Dalili ikishaonekana, wewe tayari umejua. Analala mchana na kukesha usiku. Ameacha kula au anakula kwa siri. Anaificha simu ghafla ukiingia, au kinyume chake, ameitupa na hataki kuigusa. Marafiki aliokuwa nao kila siku hawatajwi tena. Anavaa mikono mirefu wakati wa joto. Anasema "hata nisingekuwepo ingekuwa sawa."

Mwaka 2024 baba na mama katika jimbo la Michigan, Marekani, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia baada ya mtoto wao wa miaka 15 kuwapiga risasi wanafunzi wenzake shuleni, wanne wakafariki. Ile haikuwa kesi ya mtandao. Bunduki ndiyo ilikuwa kiini chake. Lakini upande wa mashtaka ulijenga hoja juu ya dalili za mtoto aliyekuwa anaumia akilini, dalili ambazo wazazi waliziona wakazipita, ikiwemo mchoro ambao shule iliwaitia asubuhi ileile. Hukumu kama hiyo ni nadra sana. Hata hivyo inaonyesha uzito ambao mahakama inaweza kuupa dalili iliyopuuzwa.

Ufanye nini? Muulize moja kwa moja, mkiwa wawili, pasipo ndugu zake: "Kuna kitu mtandaoni kinakuumiza?" Ukihofia zaidi, muulize kama amewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu yake vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mfikishe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo. Kwa dalili nyingine, zikidumu wiki mbili au kuzidi, panga miadi. Hifadhi karatasi za kliniki na andika tarehe. Namba ya msaada kwa watoto ya nchi yako iwe kwenye simu yako na yake. Katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ni 116.

Hatua ya 7: Likishatokea, fuata mpangilio huu

Mwambie kwanza kwamba hana kosa la kuumizwa, na kwamba simu haitachukuliwa. Watoto wengi hukaa kimya kwa kuogopa tu kunyang'anywa simu. Ukimnyang'anya leo, mara ya pili hatakuambia.

Kisha kusanya ushahidi kabla ya kufuta au kumzuia mtu. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, na nakili linki. Weka yote kwenye daftari moja: lini, wapi, nani, nini.

Kuna picha moja ambayo hupaswi kuigusa: picha ya utupu ya mtoto yeyote, hata wako. Usiipige skrini, usiitume kwa mwalimu, kwa dada yako au kwa wakili "waone." Katika nchi nyingi kuwa nayo au kuisambaza ni kosa la jinai, na nia njema huenda isikuokoe. Andika tu linki, jina la akaunti na muda, na uwaachie polisi waitazame. Mtoto akitishiwa kwamba picha yake itasambazwa asipolipa, msilipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ambapo picha iliyopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 hugeuzwa kuwa alama ya kidijitali ndani ya simu yenyewe, bila picha kutoka, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Baada ya hapo ripoti kwa mtandao husika na uhifadhi namba ya ripoti. Iarifu shule kwa maandishi, hata kama umeshaongea na mwalimu uso kwa uso, na uombe jibu la maandishi. Kukiwa na vitisho, udhalilishaji wa kingono au mtu mzima anayemrubuni mtoto, nenda polisi au ustawi wa jamii. Usisubiri shule imalize uchunguzi wake.

Hatua ya 8: Mwanao akiwa ndiye anayeumiza

Siku moja simu inaweza kuita, na mwalimu akasema jina la mtoto wako upande ule usioutarajia. Moyo utataka kumtetea. Msikilize mwalimu mpaka mwisho, uandike.

Keti na mtoto, muifungue ile akaunti au lile kundi wote wawili, na usome kila kitu, hata yanayokuchoma. Hifadhi ushahidi, isipokuwa kama ni ile picha niliyoitaja juu. Kisha mtoto aiondoe kwa mkono wake, nawe ukiwa hapo. Aliyeumizwa na familia yake wajulishwe kwamba imeondolewa, na radhi iombwe kwa njia wanayoitaka wao. Wengine hawataki kukutana, na hiyo ni haki yao. Kama kuna hatari ya mashtaka, pata ushauri wa wakili kabla ya kuandika barua yoyote, lakini kuondoa dhara kusisubiri wakili. Mtafutie pia mwanao mtu wa kuzungumza naye, kwa kuwa mara nyingi anayewaumiza wenzake naye ana jeraha ambalo hajalisema.

Adhabu uitoe, ila isichukue nafasi ya kazi hiyo. Wale wazazi wa Georgia walitoa adhabu. Na wiki moja baada ya kufuta, chukua simu yako, siyo ya mtoto, andika jina la yule aliyeumizwa kwenye sehemu ya kutafuta, uangalie kama kweli ule ukurasa haupo.